KULA KWA KIASI: Je, Kunaongeza Miaka na Kutuliza Kinga Inayoshambulia Mwili?

  

Leo tunazungumzia sahani yako. Siku hizi kuna maneno mawili yanayorudiwa sana sokoni, kanisani na kwenye simu. La kwanza linasema kwamba anayekula kidogo huishi miaka mingi. La pili linasema kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili, kama vile lupasi au baridi yabisi, akifunga kula kwa siku kadhaa na kuacha vyakula fulani, atapona na kutupa dawa zake. Neno la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili lina chembe ya ukweli iliyozungukwa na hatari kubwa, na mtu anaweza kupoteza maisha kwa kulifuata. Tuyachukue moja moja.

KALORI NI NINI?

Gari hutumia petroli, jiko hutumia makaa, na mwili hutumia chakula. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama vile gorogoro lilivyo kipimo cha mahindi sokoni Kibuye. Kwa makadirio, mwanamke mzima anahitaji kalori 2,000 hivi kwa siku, na mwanamume 2,500 hivi. Anayevuta nyavu usiku kucha au kulima mpunga kule Ahero anahitaji zaidi. Anayeketi dukani au ofisini kutwa nzima anahitaji pungufu.

Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,600. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16 hivi. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya 120. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia nacho kina kama 120, yaani sawa na vijiko saba vya sukari. Sasa hesabu mwenyewe. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, amekunywa karibu kalori 200 za sukari kabla hajagusa mandazi.

Kalori zikizidi kazi unayofanya, mwili huziweka akiba kama mafuta, hasa tumboni. Zikipungua kiasi, mwili hutumia akiba hiyo. Zikipungua sana na kwa muda mrefu, mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Shika hatua hizo tatu, kwa maana tutazirudia.

JE, ANAYEKULA KIDOGO HUISHI ZAIDI?

Habari hii ilianza na panya. Mwaka wa 1935, mtaalamu Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza kwamba panya waliopunguziwa kalori waliishi muda mrefu kuliko wenzao waliokula watakavyo. Lakini angalia jambo moja. Panya hao walipewa vitamini, madini na protini za kutosha. Kilichopunguzwa kilikuwa nguvu ya chakula tu. Huku ndiko wataalamu wanakokuita kupunguza kalori. Kula ugali mkavu mara moja kwa siku kwa sababu mfuko ni mtupu si kupunguza kalori. Hiyo ni njaa.

Kwa nini panya hao waliishi zaidi? Chakula kinapokuja kwa kiasi, insulini na homoni za kukuza mwili hushuka. Seli zako huacha kazi ya kujenga na kugeukia kazi ya ukarabati, kama fundi wa boti ambaye siku hakuna safari huziba nyufa. Seli huvunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Mtaalamu wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2016 kwa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Panya ni panya, utasema. Basi tutazame kima, ambao wako karibu nasi zaidi. Huko Marekani, vituo viwili vilianza kuwapunguzia kima chakula kwa karibu asilimia 30 katika miaka ya 1980. Mwaka wa 2009 kituo cha Wisconsin kikatangaza kwamba waliopunguziwa walipata maradhi machache ya uzeeni. Mwaka wa 2012 kituo cha pili, cha taasisi ya serikali inayochunguza uzee, kikasema hakikuona tofauti ya urefu wa maisha. Watu wakachanganyikiwa.

Mwaka wa 2017 vituo hivyo viwili viliketi pamoja na kulinganisha daftari zao. Waligundua kwamba kule Wisconsin, kima wa kulinganishwa walikula kwa wingi, na zaidi ya robo ya chakula chao ilikuwa sukari. Katika kituo cha pili, hata wale wa kulinganishwa walipimiwa chakula chao, na sukari ilikuwa kidogo sana. Hao tayari walikuwa wanakula kwa kiasi, kwa hiyo kupunguza zaidi hakukuwaongezea mengi. Msikilizaji, hapo ndipo penye somo letu la leo. Faida kubwa hutoka katika kuondoa ziada. Asiye na ziada hana cha kupunguza.

Hapa Kenya tunao mfano wetu. Katika mbuga ya Amboseli, watafiti waliwafuata nyani waliozoea kula mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii, wakawalinganisha na wenzao wanaotembea mbali kutafuta chakula nyikani. Nyani wa jaani walinenepa mara nyingi zaidi ya wale wa nyikani, na damu yao ikaonyesha insulini nyingi, dalili zilezile zinazomtangulia binadamu kwenye kisukari. Hakuna aliyewalazimisha. Chakula kilikuwa karibu na kazi ya kukitafuta ilikuwa ndogo.

Je, binadamu? Kuanzia mwaka wa 2007, huko Marekani, watu wazima zaidi ya 200 wenye afya walishiriki utafiti wa miaka miwili. Baadhi yao waliombwa wapunguze robo ya kalori zao. Kwa wastani walipunguza kama asilimia 12 tu, jambo linalotuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu hata kwa mtu aliyesimamiwa na wataalamu. Hata hivyo, kiasi hicho kidogo kilishusha shinikizo la damu na mafuta mabaya katika damu. Kulikuwa na gharama pia, kwani mifupa yao ilipungua uzito kidogo. Na miaka miwili haitoshi kuonyesha nani atafika miaka 90.

Ukitaka ushahidi wa miaka mingi, watazame Wasabato. Kanisa lao liko kwetu tangu mwaka wa 1906, misheni ilipofunguliwa Gendia karibu na Kendu Bay. Wenzao wa California walifuatiliwa na watafiti kwa miaka, na mwaka wa 2001 ikatangazwa kwamba wanaume wao waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Hawakuwa wakishinda njaa. Wengi wao hawavuti sigara, hula mboga, matunda na njugu kwa wingi, huepuka nyama au huila kwa nadra, na huutembeza mwili.

USHAHIDI WA KWETU NYANZA

Tusidhani kwamba maarifa haya yote yametoka ng'ambo. Mwaka wa 1929, daktari aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, yaani upande wa Kisii na Nyanza Kusini ya leo, aliandika katika jarida la udaktari la Uingereza kuhusu watu 1,000 wa huku aliowapima shinikizo la damu. Huko Ulaya shinikizo lilikuwa likipanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu wa huku halikupanda baada ya miaka 40, lilielekea kushuka.

Karibu miaka 60 baadaye, watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini karibu na ziwa kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa limepanda. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi zaidi, na kupata potasi kidogo zaidi, madini ambayo hupatikana kwenye mboga na matunda. Walikuwa damu moja na waliobaki kijijini. Kilichobadilika kilikuwa mahali na maisha, na sahani ilikuwa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo.

Lakini tusiimbe sifa za zamani tukasahau makaburi yake. Wazee wale hawakuwa na shinikizo la damu, lakini malaria, kuhara, ndui na ugonjwa wa malale viliwaua wengi kabla ya uzee. Sahani ya kiasi haikuwakinga na hayo. Tunachotaka ni kushika vyote viwili: dawa na chanjo za leo, pamoja na wimbi, mtama, samaki na mboga za jana.

Leo Kenya ina matatizo mawili katika boma moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa kukosa lishe. Mama ana ziada, mtoto ana upungufu, na pengine chungu ni kimoja. Kwa hiyo ushauri wa "punguza chakula" hauwezi kuwa wa kila mtu.

KINGA INAPOPOTEA NJIA

Sasa tuingie katika neno la pili. Sisi watu wa ziwa tumejifunza mengi kuhusu kinga ya mwili kwa sababu ya ukimwi. Tunajua kwamba virusi hupunguza askari wa mwili. Lakini kuna kundi lingine la magonjwa ambamo askari hawajapungua. Wako wengi, wana nguvu, ila wamepotea njia. Wanaushambulia mwili wanaopaswa kuulinda.

Wakishambulia viungo vya mikono na magoti, huwa ni ile baridi yabisi inayovimbisha vidole na kuvikaza asubuhi. Wakiziua seli zinazotengeneza insulini, huwa ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana. Wakiishambulia tezi ya shingoni, mtu hukonda au kunenepa kupita kawaida. Wakishambulia ngozi, viungo, damu na figo kwa pamoja, huenda ni lupasi. Lupasi huwapata wanawake zaidi, hasa wale walio katika umri wa kuzaa.

Mgonjwa wa lupasi huku kwetu hupitia mengi. Anakonda, nywele zinakatika, upele unamtoka usoni, homa haiishi. Majirani wananong'ona kwamba ni ukimwi. Wengine wanasema ni chira. Anapimwa malaria, anapimwa virusi, na majibu hayaelezi kitu. Miaka inapita kabla hajapata jina la ugonjwa wake. Ukiona dalili hizo kwako au kwa ndugu yako, nenda hospitalini ukaombe uchunguzi zaidi. Kuna hospitali kubwa za rufaa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu ambayo wazee bado huiita Russia.

Na hapa nataka uwe mwangalifu sana. Mtu akikuuzia unga, maji au majani na kusema "hii inaongeza kinga", muulize ni kinga gani. Mgonjwa wa lupasi hahitaji kuongezewa askari waliopotea njia. Anahitaji watulizwe.

CHAKULA KINAWEZA KUITULIZA KINGA?

Chembe ya ukweli ninayoizungumzia ni hii. Kuna aina ya panya ambao huzaliwa na mwelekeo wa kupata ugonjwa unaofanana na lupasi, na hufa mapema kwa figo kuharibika. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Marekani, akiwemo Gabriel Fernandes na Robert Good, waliwapunguzia panya hao kalori. Ugonjwa ulichelewa sana, na panya wakaishi muda mrefu zaidi.

Sababu moja iko katika mafuta ya mwili. Mafuta ya tumboni hayakai tu kama gunia ghalani. Hutoa homoni na ishara zinazowachochea askari wa kinga. Homoni moja inaitwa leptini. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi na askari hukaa macho, tayari kwa vita. Chakula kikipungua, leptini hushuka na askari hutulia. Katika ule utafiti wa watu zaidi ya 200 niliokutajia, iligunduliwa mwaka wa 2022 kwamba tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo ndiyo chuo cha askari wa kinga, ilikuwa na hali nzuri zaidi kwa waliopunguza kalori. Kwa kawaida tezi hiyo hugeuka mafuta kadiri tunavyozeeka.

Lakini panya wale walinifundisha tahadhari pia. Mwaka wa 1970, daktari Brian Greenwood na wenzake walionyesha kwamba panya haohao wa lupasi wakiambukizwa malaria ya panya, ugonjwa wao hutulia. Greenwood alikuwa ameona kwamba baridi yabisi na lupasi ni nadra kule Nigeria alikofanya kazi. Je, kwa sababu hiyo utakataa kulala ndani ya neti? La hasha! Kitu kinaweza kutuliza ugonjwa mmoja na kukuua kwa mwingine. Njaa nayo iko hivyo. Inaweza kuituliza kinga iliyopotea njia, na papo hapo kumfungulia mlango kifua kikuu.

Kwa binadamu tunao ushahidi kiasi. Huko Norwe, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1991 ulihusu wagonjwa 53 wa baridi yabisi. Nusu yao walifunga kwa siku 7 hadi 10 wakisimamiwa na wataalamu, kisha wakala vyakula vya mimea kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa jumla, kundi hilo lilipata nafuu ya maumivu na uvimbe. Imeonekana pia mara nyingi kwamba mtu akifunga tu na kisha kurudia chakula chake cha zamani, maumivu nayo hurudi. Kufunga peke yake hakuponyi.

Uko ugonjwa mmoja wa kinga ambao chakula ndicho tiba yake kuu. Unaitwa siliaki. Mwenye ugonjwa huo akila ngano au shayiri, kinga yake hushambulia utumbo. Daktari wa watoto Willem Dicke wa Uholanzi alithibitisha jambo hilo baada ya kuona kwamba watoto wagonjwa walipata nafuu mkate ulipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wakazidiwa mkate uliporudi. Mgonjwa wa siliaki huacha chapati, mandazi na mkate maisha yake yote, lakini ugali wa mahindi, mtama na wimbi, wali, viazi na samaki vinamfaa. Usijitangazie ugonjwa huo mwenyewe, vipimo vipo.

Na samaki je? Mwaka wa 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu 25,871 huko Marekani uliodumu miaka mitano. Waliopewa vitamini D walipata magonjwa ya kinga pungufu kwa asilimia 22. Waliopewa mafuta ya samaki walielekea kupata nafuu pia, ila tofauti haikutosha kuthibitishwa. Omena wetu ana mafuta ya aina hiyo, na kwa sababu unamla na mifupa yake, unapata kalsiamu. Huo ni utajiri ulioanikwa ufuoni.

Vitamini D mwili huitengeneza kwa jua. Hata hivyo, jua linaweza kuamsha lupasi. Mgonjwa wa lupasi anayeuza samaki juani avae kofia pana na mikono mirefu, na amuulize daktari kuhusu vidonge vya vitamini D.

USITUPE DAWA

Mpenzi msikilizaji, kama umesinzia, amka usikie sehemu hii.

Ukiwa unameza prednisoloni, usiiache ghafla. Dawa hiyo hufanya kazi ya homoni ambayo mwili hujitengenezea. Ukiimeza kwa muda mrefu, mwili hupunguza au huacha kuitengeneza yake. Ukikata ghafla, shinikizo linaweza kuanguka, ukazimia na hata kufa. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

Ukiwa na kisukari cha aina ya kwanza, usiache insulini hata siku moja kwa sababu ya kufunga au kwa sababu ya maombi. Mwenye kisukari anayetaka kufunga, iwe Ramadhani au kwaresima, amwone daktari kabla, si baada ya kuanguka.

Ukiwa unatumia haidroksiklorokwini kwa lupasi, jamaa ya ile klorokwini ya malaria tuliyoizoea zamani, endelea nayo na uende kliniki kupimwa macho.

Wafuatao wasijipunguzie chakula bila ushauri wa mhudumu wa afya: watoto na vijana wanaokua, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye kifua kikuu, wanaoishi na virusi vya ukimwi waliokonda, wazee ambao nguo zimeanza kuwapwaya, na yeyote mwenye ugonjwa wa figo. Dawa za ukimwi na za kifua kikuu zinahitaji mwili uliolishwa vizuri.

SAHANI YA KIASI

Basi ufanye nini nyumbani? Ikiwa mkanda wako unaongezwa tundu kila mwaka, anza hivi.

Igawe sahani yako. Nusu iwe mboga, robo iwe ugali, robo iwe samaki, maharagwe, ndengu au nyama. Ugali uwe kama ngumi yako, usiwe kama kichwa cha mtoto. Changanya unga wa mahindi na wa mtama au wimbi. Utashiba mapema na njaa itachelewa kurudi.

Rudisha mboga za kwetu: mnavu, saga, mrenda, kunde na mchicha, au kama tunavyoziita nyumbani, osuga, dek, apoth, boo na ododo. Zina potasi na madini mengi kwa kalori chache. Usizitie magadi mengi, kwani huharibu vitamini na huongeza sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja kidogo kwa mtu.

Ngege wa kuchemshwa kwa nyanya na kitunguu ana kalori chache kuliko yule aliyezama kwenye karai la mafuta. Mgongo wazi wa kukaangwa ule siku mojamoja. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mtungi.

Sukari ipunguze polepole: vijiko vitatu viwe viwili wiki hii, na kimoja mwezi ujao. Soda iwe ya arusi. Kula jioni mapema, na uache kula kabla tumbo halijakaza.

Wewe unayemeza prednisoloni, dawa hiyo huongeza hamu ya kula, hupandisha sukari na shinikizo, na hudhoofisha mifupa. Kwako chumvi na sukari kidogo, omena na maziwa, mboga na kutembea ni sehemu ya matibabu. Figo zikiwa zimeguswa, muulize daktari kiasi cha samaki, maharagwe na maziwa kinachokufaa.

YA KUKUMBUKA

1. Kupunguza ziada ya kalori husaidia moyo, sukari na shinikizo. Njaa haimsaidii mtu.
2. Ubora wa chakula una uzito sawa na kiasi chake.
3. Lupasi na baridi yabisi si ukimwi wala si chira. Zina matibabu.
4. Chakula kizuri ni msaidizi wa dawa. Usikifanye mrithi wake.
5. Anayekuambia utupe dawa zako muulize: nikizidiwa usiku, ni wewe utakayenipeleka hospitalini?

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Katika chakula cha jana nyumbani kwako, ziada ilikuwa wapi, na upungufu ulikuwa kwa nani?
- Kuna mtu kijijini mwenu mwenye viungo vilivyovimba au upele wa uso ambaye bado hajachunguzwa? Nani atamsindikiza hospitalini?
- Ni mboga gani ya kienyeji iliyopotea mezani kwenu, na mbegu zake zinapatikana wapi?

Mpenzi msikilizaji, kula ili uishi, na ukiwa mgonjwa, kula na umeze dawa. Hadi wakati mwingine, oriti, na kwaheri.